Nyota Mbili za "Faili Limepotea Tena"

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo gemu yangu imetoka. Saa tatu kamili asubuhi, hapa Garissa, kwenye meza yangu ya ofisi ya maji, nikiwa nimevaa shati la harusi ya dada yangu. Nilibofya kitufe cha kuichapisha. Hakuna aliyeona. Bishar alikuwa akijaza fomu za mafuta ya gari.

Maelezo kidogo, kwa ajili ya watakaosoma shajara hii nikishajulikana. Gemu ya kwanza, "Faili Limepotea", ilitoka miaka mitano iliyopita. Ya kuchekesha. Mchezaji ni karani aitwaye Bwana Mhuri, anatafuta faili moja katika ofisi ya serikali. Hakuna kupigana wala kukimbia. Unabofya tu. Droo, chupa ya chai, kalenda ya mwaka juzi, mbuzi aliyeingia kwa bahati mbaya. Kila ukibofya kitu, Bwana Mhuri anasema neno lake. Watu walicheka sana. Gazeti moja la Nairobi liliipa aya nzima.

Nilichora kila kitu mwenyewe. Kim alisaidia kwa maneno. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Machakos. Kisha nikapata kazi huku ya kuchora ramani za visima, tukagombana juu ya jina la nani litangulie, na sasa ni miaka mitatu hatujaongea. Ya pili nimeifanya peke yangu. Picha zangu, maneno yangu. Safari hii Bwana Mhuri amehamishiwa mji wa joto, na faili limepotea tena. Jina: "Faili Limepotea Tena".

Kufikia saa kumi jioni watu kumi na mmoja wameipakua. Wawili kati yao ni mimi, kwa simu na kwa kompyuta.

Bishar aliuliza kama ndani kuna mpira. Nikasema hamna. Akaniambia pole, kama mtu anayetoa rambirambi. Meza ya Bishar imegusana na yangu, na mama yake, Mama Lul, ndiye mwenye nyumba yangu. Kwa hiyo kazini ni Bishar, na nyumbani ni Bishar, upande wa pili wa uzio wa mabati. Mtu mwema. Hana jicho la sanaa.

Jumanne, 4 Februari

Tahakiki ya kwanza. Ni ya tovuti ya Nairobi, ile inayosomwa na kila mtu wa gemu. Nyota mbili kati ya tano.

Mhakiki anasifu picha. Anasema vumbi nimelichora mpaka alipangusa kioo cha simu yake. Halafu anasema alibofya kila kitu mara tatu akitafuta mzaha, kama mtu anayepapasa mifuko ya suruali akitafuta ufunguo. Bwana Mhuri wa kwanza alikuwa mcheshi, anasema, na huyu wa pili anatoa taarifa. Kuhusu sura ya tatu, ambapo ngamia amelala kwenye ngazi ya ofisi na haondoki mpaka apewe kifuniko cha chupa ya chai, anasema fumbo hilo halina mantiki.

Nani alimwambia ngamia ana mantiki.

Nikamwandikia jibu la kurasa nne. Nikalipunguza hadi tatu, kwa heshima. Akajibu kwa maneno matatu: asante kwa maoni.

Jioni Mama Lul alimtuma Bishar aniite nikale anjera nao uani. Nikasema nina kazi. Nikakaa chumbani nikisubiri tahakiki ya pili. Haikuja. Nilisikia wakimimina chai upande wa pili wa mabati. Sauti ya chai ikimiminwa ni kubwa sana mtu akiwa peke yake.

Jumatano, 5 Februari

Siku ya soko la mifugo. Nimepata wazo. Wahakiki wa Nairobi hawajui lolote kuhusu mji wa joto. Nitawapelekea gemu watu wenyewe wa mji wa joto, niandike wanachosema, niwaaibishe wahakiki kwa ushahidi.

Nilimwomba Bishar anipeleke kwa jamaa yake, Kerrow, dalali wa ngamia. Kerrow ni mzee mrefu mwenye ndevu nyekundu za hina na fimbo anayoelekezea kila kitu. Nikampa tabuleti. Nikamweleza kwamba anabofya tu popote. Akabofya ngamia.

Hakutoka hapo. Akauliza nani alimchora. Nikasema mimi. Akauliza kama ngamia huyu ni mgonjwa. Nikasema hapana. Akasema basi ni ng'ombe. Akawaita wenzake. Wakaja wanaume kumi na wawili, wakasimama tukiwa tumezingirwa na ngamia mia mbili wa kweli, wakamkagua wangu. Mmoja alisema nundu imekaa karibu mno na shingo. Mwingine alisema miguu ya nyuma imetoka kwa mnyama mwingine. Mmoja aliuliza bei, ili wenzake wacheke, na walicheka.

Kisha wakafika pale Bwana Mhuri anapomkamua. Nilikuwa nimemchora ameketi kwenye kigoda. Mzee Kerrow akanieleza taratibu kwamba ngamia hukamuliwa mtu akiwa wima, amesimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya goti. Alinionyesha. Alisimama kwa mguu mmoja katikati ya soko, mzee wa miaka sabini, hakutetereka. Akasema, "Huyu bwana wako akikaa hifyo chini, ngamia atamkalia."

Hapo wakacheka mpaka wawili wakashikana mabega. Wakataka kuona tena. Wakabofya kigoda mara kumi, kumi na tano. Bishar alicheka hadi machozi. Kerrow aliniuliza nitarudi lini, akasema Jumatano ijayo atanitafutia ngamia mtulivu wa kuchora.

Nimerudi ofisini na matokeo haya: hakuna hata mmoja aliyezungumzia faili. Hadhira haikufaa. Sirudi.

Alhamisi, 6 Februari

Wastani wa nyota kwenye duka la mtandaoni: mbili na nukta moja. Hali ni mbaya. Imebidi nichukue hatua.

Nimefungua akaunti tatu. Si udanganyifu. Ni kuwasemea watu ambao wangeipenda gemu kama wangeifahamu.

Wa kwanza ni Mzee Nunow wa Griftu. Ana ng'ombe. Wanawe wako ng'ambo. Hucheza gemu yangu mchana, mifugo ikisubiri zamu ya maji, na anasema hajacheka namna hii tangu ujana wake. Nyota tano. Wa pili ni Mama Qali wa Banissa, muuza nguo, ambaye wateja humuuliza anacheka nini, naye huwaonyesha. Nyota tano.

Wa tatu ni Mwalimu Yakub wa Hadado. Nilitaka aipe gemu nyota nne tu, ili watu waamini. Kwa hiyo ilibidi awe na lalamiko dogo. Nikajaribu kumfahamu kwanza. Anaishi nyuma ya shule. Anajipikia. Ana redio moja ambayo anaiacha ikiongea akienda kuoga, ili akirudi akute mtu anazungumza. Sijui nimeyatoa wapi hayo, yalikuja upesi tu. Lalamiko lake: gemu ni nzuri, lakini Bwana Mhuri angepewa mwenzake wa kuongea naye.

Nimefurahia kazi hii kuliko nilivyofurahia kuchora ramani mwaka mzima. Saa ya chakula ilipita sijui. Bishar alikuwa amenialika kula wali na nyama ya ngamia kwenye hoteli ya jirani. Nilimwambia nina wageni.

Wastani sasa: tatu na nukta sita.

Jumamosi, 8 Februari

Pigo jipya, na limetoka hapa hapa Garissa.

Kuna mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya wasichana mjini, anaitwa Hinda. Ana ukurasa wake anakoandika kuhusu gemu, kwa Kiswahili, na una wafuasi wengi kuliko ile tovuti ya Nairobi. Sikujua. Jana baada ya swala ya Ijumaa alikaa akaicheza yangu kwa saa sita. Amempa Bwana Mhuri nyota tatu.

Nainakili sehemu moja hapa, ili nisije nikadhani niliiota: "Sikucheka. Lakini sikuacha pia. Katika sura ya nne karani anaandaa vikombe viwili vya chai. Ukibofya cha pili anasema: 'Hiki ni cha mwenzangu, amechelewa.' Katika gemu ya kwanza kikombe kile kile kilikuwa na maneno arobaini tofauti, na yote yalinichekesha. Hapa ni hayo hayo tu. Nilibofya mara thelathini. Thelathini na moja. Nilijikuta namsubiri huyo mwenzake pamoja naye. Sijui kama mtengenezaji alikusudia gemu ya kuchekesha. Mimi nimeona mtu anayemsubiri mtu."

Upuuzi. Kikombe kina hitilafu. Niliandika sentensi ya kwanza ili kushika nafasi, nikapanga kurudi kuweka nyingine thelathini na tisa, sikurudi. Vikombe ndivyo vilivyokuwa kazi ya Kim. Alikuwa anaweza kukaa sakafuni akitazama kikombe dakika kumi halafu akasema kitu, nami ningelazimika kuweka kalamu chini kwa kucheka. Mimi nikikitazama kikombe naona kikombe.

Watu mia mbili na kumi wameipenda tahakiki yake. Wengine wameandika chini kwamba nao walibofya mara nyingi. Mmoja alifika sitini na mbili.

Nitamtafuta huyu Hinda anipe nyota nne.

Jumatatu, 10 Februari

Tatizo na Mwalimu Yakub. Lalamiko lake kwamba Bwana Mhuri apewe mwenzake limepata watu hamsini na watatu wanaokubaliana naye. Ndiyo tahakiki inayosomwa zaidi ya zote. Mzee Nunow na Mama Qali hakuna anayewajali.

Haikuwezekana nimwache mtengenezaji aonekane hana jibu. Nikamjibu kwa jina langu: Mwalimu, upweke wa Bwana Mhuri umekusudiwa kisanaa. Ikawa si haki Yakub akae kimya, mtu msomi kama yeye. Nikaingia kwenye akaunti yake, nikajibu kwamba anaelewa, lakini kuna upweke wa kisanaa na kuna upweke wa kweli, na mtu anayeujua wa pili hupata taabu kuucheka wa kwanza. Nikarudi kwangu. Nikakuta sina jibu. Nikaandika kwamba nitalifikiria.

Tuliendelea hivyo hadi saa tisa. Yakub ana hoja. Anaandika vizuri, na hana haraka. Watu wengine waliingia kumuunga mkono. Nilikuwa nimesahau raha ya kubishana na mtu anayenifahamu.

Bishar aliniuliza ninatabasamu nini. Nikamwambia naandikiana na mwalimu mmoja wa Hadado. Akasema vizuri, mtu anahitaji watu.

Jumanne, 11 Februari

Nimekutana na Hinda. Nayaandika yote kwa utulivu.

Nilikwenda shuleni kwao saa nane, kwa miadi. Alinipokea katika chumba cha kompyuta, mlango wazi, wasichana wakipita nje. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye chaki kwenye mkono wa buibui. Akanikaribisha kiti na chai ya maziwa. Kumbe ni mpwa wa Mama Lul. Baba yake ni kaka wa Mama Lul. Bishar ni binamu yake. Nimekaa mji huu miaka mitatu na nusu, na hakuna aliyeniambia. Hinda alisema labda sikuwahi kukaa nao vya kutosha nikauliza.

Nilianza na mpango wangu. Nilikuwa nimeandika hoja saba za kwa nini nyota tatu ni kosa la hesabu. Alisikiliza mpaka ya nne.

"Bwana Kasyoka, nikuulize kitu. Maneno ya gemu ya kwanza aliandika nani?"

Nikasema mimi.

Akazungusha kikombe chake. "Basi nilikosea," akasema. "Nilidhani ni watu wawili."

Nikakohoa, nikaendelea na hoja ya tano. Akaniinulia mkono kidogo, kwa upole, namna anavyofanya labda kwa wanafunzi.

"Mimi nimezaliwa Hadado," akasema. "Baba yangu, Mwalimu Aden, ndiye mkuu wa shule ya pale. Nilimpigia simu Jumapili nikamuuliza Mwalimu Yakub ni nani. Akashtuka. Alidhani ameletewa mwalimu mpya naye hajaenda kumpokea. Alituma watu wamtafute, asije akawa amekaa mahali bila maji."

Feni ilizunguka. Nilimfikiria mzee yule akituma watu nje kwenye jua kumtafuta mtu ambaye nimemtunga mimi, na nikaona aibu ambayo sikuitarajia.

Hinda akasema hataandika lolote juu ya hilo. Akasema pia kwamba, kwa maoni yake, Yakub ndiye mhusika bora niliyewahi kuandika, na kwamba huyo angekuwa ndani ya gemu, yeye Hinda angeipa nyota tano.

Kisha akafungua simu yake akanionyesha ujumbe. "Kuna mtu ameniandikia kutoka Machakos. Anaitwa Kim. Ameimaliza gemu yako siku ya kwanza. Anasema lile fumbo la ngamia na kifuniko alilijua papo hapo, kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa ukipoteza vifuniko vya chupa ya chai pale chumbani kwenu. Anauliza kama u mzima. Na anauliza kama kile kikombe cha pili ni chake."

Nje wasichana walikuwa wakicheka kitu. Nikamwambia ni hitilafu. Kikombe kina hitilafu, nikasema, sikumaliza kukiandika.

"Sawa," akasema Hinda. "Nimjibu hivyo?"

Nikamwambia nitamjibu mwenyewe. Nyota zimebaki tatu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimemwandikia Kim. Imenichukua siku mbili. Ujumbe wa kwanza ulianza na kikombe, nikaufuta. Wa pili ulianza na salamu kwa mama yake, na ulikuwa mrefu, na ulisema mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa ofisini. Nikaufuta pia. Niliotuma ni huu: Habari Kim. Nimesikia umemaliza gemu. Tafadhali ipe nyota tano.

Alijibu kabla sijaweka simu mezani. Alikwisha kuipa tano tangu Jumatatu ile. Akasema picha zimemtoa machozi, hasa ile ya dirisha la karani saa nane mchana. Akasema ana maneno ya kikombe. Hakuyatafuta, yalikuja tu alipokuwa akicheza. Anataka kuja Garissa Jumamosi tuyaweke pamoja, siku moja tu, atarudi jioni.

Niliusoma mara nyingi. Halafu nikafikiri vizuri. Akija atakutana na Hinda. Hinda atamwambia nilisema maneno yote yalikuwa yangu. Na akiweka maneno kwenye kikombe, atataka jina lake liwekwe. Ni mtego uleule wa zamani, ila safari hii umekuja kwa upole.

Nikamjibu kwamba kwa bahati mbaya Jumamosi nitakuwa Griftu kikazi, kukagua kisima. Nikamwambia Bishar pia, ili hadithi iwe moja. Bishar alitazama ratiba ya safari ukutani, ambapo hakuna Griftu. Akasema safari njema.

Ijumaa, 14 Februari

Ujumbe kutoka kwa Kim, saa kumi na moja jioni. Amekwisha kukata tikiti, na ameongea na Hinda. Amesema atakuja hata hivyo, auone mji ninaouchora, na nikirudi mapema tutaonana. Bishar atampokea stendi.

Kwa hiyo kesho niko Griftu.

Jumamosi, 15 Februari

Griftu. Yaani chumbani, mlango umefungwa kwa ndani, pazia limeshushwa. Feni nimeizima isije ikasikika. Naandika nikiwa na taulo lenye maji kichwani.

Saa sita kasoro nilisikia gari la Bishar. Kisha nikasikia kikohozi cha Kim. Hakijabadilika. Bishar alimweleza kwamba mimi ndimi ninayekaa mlango ule wa kijani. Nyayo zikaja hadi hapo, zikasimama. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mita mbili. Hakubisha hodi. Akasema tu, polepole, "Amepaka rangi vizuri." Ni kweli. Niliupaka mwenyewe.

Wakaingia kwa Mama Lul. Nikasikia Mama Lul akimwambia, "Bole na safari, mwanangu, kaa hapa kwenye kivuli, rafiki wa Kasyoka ni mtoto wangu." Wakala. Nyama ilinukia hadi kwangu. Hinda alikuwepo, na Mzee Kerrow, dalali wa ngamia, aliyekuwa amekuja kumtazama mtu anayejuana na mtu aliyechora ngamia yule.

Baada ya kula wakafungua gemu. Najua kwa sababu nilisikia muziki wake, ambao nilipiga mwenyewe kwa kinanda cha kuazima. Kim alikuwa akisoma maneno ya Bwana Mhuri kwa sauti ya Bwana Mhuri. Alikuwa akimfanya hivyo Machakos, kwa kubana pua. Maneno yalikuwa yangu yale yale yasiyochekesha mtu. Kwenye sauti yake yalichekesha. Walipofika kwenye ngamia, Kerrow alieleza upya habari ya kigoda, na nikasikia Kim anacheka kile kicheko chake cha kukosa pumzi.

Kisha wakafika kwenye vikombe viwili. Hinda akabofya. Kim akasema, kwa sauti ya pua: "Hiki ni cha mwenzangu, amechelewa." Hinda akabofya tena. Kim hakurudia. Alisema: "Amechelewa kwa sababu anatafuta kifuniko." Tena: "Hiki ni cha mwenzangu. Amesema yuko njiani. Alisema hivyo pia mwaka jana." Tena: "Usiguse. Nimekiwekea sukari sita, ndivyo anavyokunywa, ndiyo maana hana meno ya kutosha kuomba msamaha." Waliendelea. Kila kubofya, neno jipya. Mama Lul, ambaye sijui kama alielewa yote, alikuwa akicheka kwa sauti ya juu na kumwomba Mungu amsitiri.

Nami nilicheka. Niliziba mdomo kwa taulo. Nilicheka mpaka nikalala ubavu sakafuni, peke yangu, nikiwa Griftu.

Nilifikiria kutoka. Nilisimama, nikashika komeo. Lakini ningewaambia nini. Griftu si mahali pa kurudi ndani ya dakika moja, na shati langu lilikuwa kavu, bila vumbi la safari. Nikaanza kutafuta jinsi ya kujipaka vumbi. Chumbani hamna vumbi, nilifagia asubuhi. Nilipokuwa nikipangusa juu ya kabati kwa kiganja, nikasikia gari likiwashwa. Basi la kurudi lilikuwa la saa tisa.

Baadaye kidogo mtu alikuja mlangoni. Ni Bishar. Alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mlango wenyewe, "Ukisharudi kutoka Griftu, chakula nimekiweka hapa kwenye sufuria. Kula kikiwa na moto. Jamaa yako ni mtu mzuri."

Bishar haoni mambo. Nimesubiri dakika ishirini kabla ya kukichukua. Bado kilikuwa na moto.

Jumapili, 16 Februari

Habari kubwa. Hinda ameandika upya tahakiki yake. Nyota nne. Anasema gemu hii haifai kuchezwa na mtu mmoja, kwamba jana aliicheza na watu watano uani na alicheka mpaka kichwa kikamuuma. Anawashauri wasomaji wake wamwite mtu kabla ya kuifungua. Tovuti ya Nairobi imemnukuu. Wapakuaji wapya ni mia nne tangu asubuhi. Wastani: nne kasoro kidogo.

Nimeyatafakari mafanikio haya kwa makini nikiwa nimeketi mezani baada ya kanisa, na sababu iko wazi. Ni picha. Watu walihitaji muda tu kuzizoea. Ni lile jibu la kurasa tatu pia, ambalo bila shaka limewafanya wahakiki wafikiri mara mbili. Na uvumilivu wangu, sikubembeleza mtu.

Kim amenitumia yale maneno ya kikombe, yote arobaini, bila kuomba jina wala chochote. Chini ameandika kwamba Mama Lul amemwalika tena, na kwamba angependa tuifanye sehemu ya tatu pamoja, mimi nichore, yeye akae sakafuni. Nimeyaweka maneno kwenye gemu. Yanaingia vizuri, nimerekebisha koma mbili, kwa hiyo sasa ni yangu kwa kiasi fulani.

Namwandikia barua ya heshima, si ujumbe wa simu. Ninamweleza kwamba sehemu ya tatu nitaifanya peke yangu, kwa kuwa sasa imethibitika kwamba naweza. Barua imefika ukurasa wa pili na inakwenda vizuri.

Mama Lul ameita mara mbili kwamba chai iko tayari. Nimejibu nakuja. Simu nayo inalia, ni Kim, ya tatu tangu mchana. Nimeilaza kifudifudi nisipoteze mawazo. Sentensi hii ya kumweleza kwamba simhitaji ni ngumu kidogo, nimeifuta mara tano, na nataka iwe kamili kabla sijazungumza naye.

Imenyamaza. Si kitu. Atapiga tena.